Zizi Tulilolikata Katikati

Lilikuwa zizi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanangu, waliokulia humo, hupenda kuliita nyumba ya matofali, na watu wakisikia matofali hudhani tulikuwa na uwezo. Misheni ililijenga nilipokuwa mtoto, kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa walioletwa kutoka mbali. Ng'ombe wale hawakustahimili ugonjwa wa kupe. Walikufa wakaisha, misheni ikaachana na ufugaji, na jengo likabaki peke yake juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nyamira. Lilikuwa refu na jembamba. Mabati yalikuwa yameshika kutu, popo walikuwa wamejaa kwenye kenchi za paa, na sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka ikaota nyasi. Kando ya ukuta mmoja kulikuwa na hori za matofali, na nyuma ya mahali waliposimama ng'ombe kulikuwa na mfereji wa kupitishia mkojo. Niliporuhusiwa kuishi humo nilifurahi sana, na nikiikumbuka furaha hiyo sasa hunichoma.

Miaka hiyo, baada ya vita vile vikubwa vya dunia, nilikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni hapo hapo kilimani. Mimi na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tukilala katika chumba cha kuazima kwa muumini mmoja ng'ambo ya mto, naye alikuwa anakitaka chumba chake kwa sababu mwanawe alikuwa karibu kuoa. Hilo lilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa lilikuwa baba yangu.

Mama alikuwa amefariki, na baba aliishi peke yake katika nyumba yao ya zamani, juu ya ardhi aliyoilima tangu ujana wake. Ardhi hiyo tulikuwa tumeipoteza katika kesi. Miaka mingi nyuma, mtoto wa baba yake mdogo alimjia akiwa hana mahali pa kukaa, baba akamwonyesha sehemu ya kujenga nyumba moja. Akajenga moja. Halafu akaoa mke wa pili, akajenga ya pili. Halafu wanawe nao wakajenga. Siku ya baraza, wazee waliokuja kuamua walifanya vile wazee wetu hufanya: walizunguka wakahesabu nyumba. Upande ule zilikuwa nyingi. Upande wetu ilikuwa moja, ya mzee mmoja, na mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa akiishi mbali, akifundisha watoto wa watu a, e, i, o, u. Wakaamua. Kwa huruma yao walimpa baba muda mpaka wimbi livunwe.

Kwa hiyo kabla ya mavuno ya wimbi baba yangu alihitaji mahali pa kulala, na mahali pekee nilipokuwa napo ni zizi.

Nalo zizi lilikuwa na masharti yake. Kilima kilikuwa cha ukoo mwingine, waliokuwa wameiazimisha misheni kwa ajili ya shule, na wazee wao walikuwa macho. Walipokubali mwalimu akae zizini walisema neno moja tu: nyumba ni hii iliyopo, haitaongezwa nyingine. Si kibanda cha jikoni, si ghala la mahindi, si hata kijumba cha kuku. Nilitaka kubishana nao. Baba, aliyekuwa amenisindikiza katika mazungumzo hayo, alinivuta mkono.

"Wana haki," aliniambia tulipokuwa njiani. "Mimi ningesema hivyo mapema, leo nisingekuwa natafuta pa kulala."

Tulianza kazi shule ilipofungwa. Nilidhani baba angekuja kutazama tu na kunisimanga, lakini alifika kila asubuhi akiwa na jembe begani, baada ya kuvuka mabonde mawili. Alikuwa na kikohozi kisichopona, ila mikono yake ilikuwa bado na nguvu kuliko yangu ya kushika chaki. Kwanza tulibandua samadi. Ilikuwa imekaa miaka mingi ikakanyagwa hata ikawa sakafu nyingine juu ya sakafu, na tuliitoa vipande vipande tukaimwaga kwenye migomba.

"Sisi tulikuwa tukiingiza ng'ombe katika nyumba za watu," baba alisema akiwa ameinama. "Wewe umesoma, kwa hiyo unaingiza watu katika nyumba ya ng'ombe." Alicheka hadi kikohozi kikamkalisha chini.

Popo tuliwafukuza kwa moshi, wakarudi, tukawafukuza tena. Hori tulizibomoa tofali moja moja, kwa sababu tulihitaji matofali ya kujengea kuta za ndani na hatukuwa na mengine. Hatukuwa mafundi. Ukuta wa kwanza niliujenga mimi mwenyewe, nikajivuna nao tangu asubuhi mpaka jioni. Baba aliufikia, akausukuma kidogo kwa kiganja, ukalala chini. Aliokota matofali akaanza kukanda udongo upya kwa miguu yake, nami nikatoka nje nikakaa kwenye nyasi nikiwa nimefura. Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua, na mwaka huo nilikasirikia kila kitu: matofali, popo, wazee wa baraza, na zaidi ya yote ule muda uliokuwa ukiisha huku wimbi likipasua masuke.

Mchana mke wangu alituletea chakula. Alikuwa mjamzito, na alipanda kile kilima kwa taabu. Akifika karibu alikohoa, baba akasikia, akatoka kwa mlango wa upande wa pili na kwenda nyuma ya jengo. Mke wangu aliweka kapu juu ya jiwe, akanisalimu, akaondoka. Baba alirudi alipokuwa na hakika kwamba ameshashuka. Walifanya hivyo siku zote tulizofanya kazi, nami sikuona ajabu yoyote. Ndivyo watu walivyoishi.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, na mtu wa kwetu asiyesoma asingelifanya pia. Kuta zilipoanza kusimama nilichukua mkaa nikachora sakafuni jinsi nyumba itakavyokuwa. Hapa tutalala sisi. Hapa watoto. Hapa jiko. Na kule mwisho, upande unaopata jua la asubuhi, chumba cha baba, chenye mlango wake mwenyewe wa nje. Nilikuwa nimekifikiria chumba hicho tangu siku ya baraza. Nilimwita baba nikamtembeza juu ya mistari ile kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Alitazama kwa makini. Kisha akauliza, "Mke wako atawasha moto wapi?"

Nikamwonyesha.

"Chini ya paa hili hili?"

"Ndiyo, tata. Lakini kutakuwa na ukuta kati yenu. Kuta mbili, ukipenda."

Aliinua macho akayatazama mabati kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. "Basi hii ni nyumba yako," alisema. "Ni nyumba nzuri. Mimi sitaingia."

Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna anayesimama mlangoni kumzuia. Yeye na mkamwana wake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kitanda cha mwanawe ni kitu asichopaswa hata kujua kiko upande gani. Jambo hilo tunaliita chinsoni, na ni haya na heshima kwa pamoja. Nililijua tangu nilipoota meno. Lakini nilikuwa nimebatizwa, baba naye alikuwa amebatizwa uzeeni, tulikuwa tukiimba pamoja kila Sabato, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba katika nyumba ya matofali yenye kuta imara mambo hayo yangelegea yenyewe.

"Mbona sasa unaingia?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Sasa ni zizi tunalolitengeneza. Nyumba huwa nyumba ikiisha na moto wa mwanamke ukiwaka."

Nilikwenda kwa mke wangu nikitafuta mtu wa kuniunga mkono. Alikuwa mcha Mungu kuliko mimi, na alisoma Biblia bila kufuatisha kidole. Nilitarajia angecheka. Aliweka uteo chini.

"Unataka nizae nikijua kwamba mzee ananisikia nyuma ya ukuta?" alisema. "Nami nimsikie akijigeuza kitandani? Nitampikia maisha yangu yote, baba wa mtoto, na sitachoka. Lakini chini ya paa moja naye sitalala. Afadhali nilale shambani."

Siku hizo zilikuwa mbaya. Niliwaza kuacha ualimu, lakini ningekwenda wapi, nami sina ardhi? Niliwaza kumpeleka baba alale darasani, ila darasa ndilo lilikuwa kanisa, na asubuhi kabla ya jua kupanda watoto walikuwa wameshajaa mlangoni. Kujenga kibanda kimoja kidogo cha nyasi, kazi ya siku chache tu kwa mtu wa kwetu, ndiko kulikokatazwa. Nilimwona baba akikandika udongo kwenye kuta za chumba asichokusudia kulala, akizilainisha kwa kiganja, kwa uangalifu ule ule, na nilitamani angalau agombe.

Ni yeye aliyepata njia. Tulikuwa tumekaa kwenye tofali tukila viazi.

"Kata," alisema.

"Nikate nini?"

"Paa. Nyumba ni paa lake. Ukuta mtu anaweza kuuweka popote. Kata hapa katikati, ubomoe na kuta za mbele na nyuma, mvua ianguke chini kati yangu na wewe, na ng'ombe aweze kupita bila kugusa upande wowote. Kule kutakuwa kwako. Huku kutakuwa kwangu."

Nilimtazama. Tungekuwa hatujaongeza kitu chochote juu ya kilima kile, hata tofali moja. Tungekuwa tumepunguza. Nilicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ya mistari ya mkaa, naye akacheka, tukajiona werevu sana, baba na mwana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wenye kilima nao wangehesabu nyumba kama tulivyohesabu sisi.

Nilishuka hadi Kisii mjini kutafuta msumeno. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilikuwa na duka la misumari na mabati hapo sokoni, alikuwa nao wa kuazimisha. Aliniuliza nakata nini, nikamweleza. Aliacha kupima misumari.

"Mwalimu, watu wanakuja hapa kwangu wanataka mabati ya kuziba nafasi. Wewe nafasi unaitoboa mwenyewe?"

"Ni kwa sababu ya baba."

"Mimi nakaa na baba yangu nyumba moja. Mke wangu anampikia, anamwandalia, tunakula sinia moja sote."

"Na heshima?"

"Si heshima ndiyo hiyo?" aliniuliza, na hakuwa ananidhihaki.

Nilirudi na msumeno ukiwa umefungwa ndani ya gunia, njia yote nikiwaza jinsi watu wawili wanavyoweza kumpenda mzazi kwa namna mbili zisizoweza kukaa pamoja. Ningependa kusema nilipata hekima fulani barabarani. Nilipata malengelenge.

Kukata paa kulituchukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Kwanza tulipandisha kuta mbili za ndani hadi juu, moja kila upande wa pengo, ili paa lipate pa kuegemea. Kisha nikang'oa mabati ya katikati, nikiokoa misumari iliyookoleka. Nilipoukata mwamba, ule mti mrefu wa juu unaoshika paa lote, kenchi za upande wa baba zililia na kuinama, na mimi nikiwa juu nilihisi jengo zima likisogea chini ya makalio yangu. Baba alikimbia na nguzo ya mkalitusi akaisimamisha chini ya kenchi. Alisimama pale akiishikilia kwa bega, akikohoa, hadi nikashuka nikaleta nyingine. Tangu siku hiyo nyumba ile haikunyooka tena. Mvua ilipata pa kupenyea kila mahali tulipokuwa tumekata, na hadi watoto wangu wanaondoka nyumbani tulikuwa tukiweka sufuria sakafuni.

Lakini tulimaliza. Jirani mmoja aliyetoka Tabaka alituletea unga wa lile jiwe laini la kwao, tukauchanganya na maji, tukapaka kuta zikawa nyeupe. Baba alipaka upande wake, mimi wangu. Pengo la katikati lilikuwa safi, na ng'ombe angepita kweli.

Wimbi likavunwa. Siku baba alipobeba kapu la mwisho, wana wa yule ndugu yake hawakungoja hata avuke bonde; waliibomoa nyumba ya mama yangu nyuma ya mgongo wake. Alifika kilimani na kigoda, blanketi na chungu. Aliingia kwake akawasha moto wake mwenyewe. Sisi tulihamia upande wetu, mke wangu akawasha wake, na muda mfupi baadaye akazaa mtoto wetu wa pili pale pale, bila mtu kumsikia.

Siku hizo nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Asubuhi nilimsikia baba akikohoa ng'ambo ya pengo, nikajua yuko hai na ana paa. Mtoto mkubwa alivuka na bakuli la uji akirudi amejaa hadithi na matusi ya mzaha, maana babu na mjukuu kwetu hutaniana bila mpaka. Mke wangu alimwona baba kwa mbali akiota jua, akainamisha kichwa, akaendelea na kazi zake. Niliamini nimemweka baba yangu mahali.

Wazee wa ukoo wenye kilima walikuja Jumapili moja. Walikuja kwa upole. Niliwaletea viti, hawakukaa. Walianza kulizunguka jengo polepole, na nilipowaona wakizunguka nilielewa kilichowaleta, kwa sababu nilishawahi kuwaona wazee wakizunguka namna ile. Mkubwa wao aliingia katika pengo letu kwa mbele, akatokea nyuma, kisha akarudi.

"Mwalimu," aliniuliza, "hapa nimepita wapi?"

"Umepita kati ya kuta, mzee."

"Kuta za nyumba gani?"

Nilitazama upande wangu, kisha upande wa baba.

"Tulikubaliana nyumba moja," alisema. "Wewe ndiwe unayewafundisha watoto wetu kuhesabu. Tuhesabie."

Nilisema yote niliyoweza. Nilisema jengo ni lile lile la misheni, kwamba hatukuleta tofali wala bati kutoka nje, kwamba tumekata tu. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mjinga wala hakuwa mtu mbaya, na ningefurahi kama angekuwa mojawapo, maana ningekuwa na mtu wa kumchukia.

"Nimekusikia," alisema. "Basi kama ni moja, mzee huyu analala katika nyumba ya mkamwana wake. Tuambie hivyo tu, nasi tutaondoka tuwaache. Na kama ni mbili, mmevunja neno, na mtatoka wote. Shule itapata mwalimu mwingine."

Baba alikuwa amekaa kwenye mlango wake. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto mchanga. Najua alisikia, kwa sababu nilimsikia akiacha kumwimbia. Nilifungua mdomo. Nikisema moja, nimemwambia kila mtu kati ya Nyamira na Kisii kwamba baba yangu amepoteza haya, nao wangemcheka hadi kaburini. Nikisema mbili, mke wangu anatoka na kichanga mgongoni kwenda kusikojulikana. Hadi leo sijui ni neno gani lililokuwa linakuja. Baba alisimama kabla sijalitoa.

"Ni moja," alisema.

Yule mzee akamgeukia. Walikuwa wa rika moja. "Nawe unalala humo?"

"Nimekuwa nikimsaidia kujenga. Nyumba ambayo haijaisha kila mtu huingia, hata ninyi mkitaka ingieni. Si mnaona wenyewe hapa katikati hatujaezeka bado?" Alionyesha pengo kwa kidevu, kama kwamba ni kazi tuliyoichelewesha kwa uvivu. "Tukishaezeka hapo itakuwa imeisha. Nami nitatoka."

Walijua. Niliona kwamba wote walijua, na mmoja wao alitazama chini. Mkubwa wao aliinua macho kwenye pengo.

"Basi ezekeni," alisema. Waliondoka bila kunywa hata maji.

Tuliezeka kwa mabati yale yale tuliyokuwa tumeyang'oa. Mimi nilikuwa juu, baba alikuwa chini akishika ngazi na kunipa misumari. Nilipofika bati la mwisho nilishindwa. Nilikaa juu ya paa nikalia, mtu mzima, mwalimu, na watoto wa shule wakipita barabarani. Nilimwambia tuache, tuondoke sote pamoja, tutapata mahali.

"Wapi?" aliuliza. Alininyoshea msumari mwingine. Kisha alisema, "Una watoto wawili. Gongomea."

Nikagongomea. Alikwenda upande wake, akatoa makaa nje akayamwagia maji, akarudi na kigoda na blanketi. Hakugeuka kutazama ndani.

Alikwenda Marani kwa dada yangu aliyeolewa huko. Wakwe walimpokea vizuri, nami nawashukuru, lakini mtu wa kwetu akikaa kwa wakwe zake huwa mgeni hata akikaa miaka. Hawezi kuamuru kuku achinjwe, hawezi kugombeza mtoto, na anakula akiwa amekaa wima. Dada aliniambia kwamba alianza kuomba ruhusa ya kila kitu, hata ya kwenda kuteka maji yake ya kuoga. Kile chumba chake tulikifanya cha watoto, kwa sababu hatukuweza kukiacha tupu, na mimi sikukizoea kamwe.

Alikuja kutuona mara chache. Alikuwa akilala kwa yule muumini wa ng'ambo ya mto, na mchana akapanda kilimani, akakaa kwenye nyasi mbali na mlango, akaletewa wajukuu. Mara ya mwisho alikuja katika masika, siku ambayo nilikuwa nimekwenda Nyamira kwa mkutano wa walimu na shule ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mvua ilinikuta njiani, ile ya kwetu ya alasiri, yenye mawe. Nilipoufikia mwinuko niliwaona.

Baba alikuwa ameketi chini ya mti wa mwati upande mmoja wa uwanja, blanketi limemganda mabegani. Upande wa pili, ndani ya migomba, alikuwa mke wangu, amejikunyata na watoto wote wawili chini ya leso moja, mdogo akilia. Mvua ilipoanza baba alikataa kuingia, na mke wangu hakuweza kumwambia neno. Basi aliwatoa watoto, akafungua milango yote, akatoka mwenyewe akaenda mbali, ili nyumba iwe haina mtu na mzee aweze kujikinga. Mzee hakuingia. Naye mke wangu hakuweza kurudi ndani kukaa pakavu huku baba mkwe wake akinyeshewa mbele ya macho yake. Walikuwa wamekaa hivyo tangu mvua ilipoanza, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo. Kati yao ilikuwa nyumba yangu, nyeupe, milango wazi, moto unawaka ndani, na hakuna mtu.

Nilimwendea baba nikamsihi aingie. Aliniambia nimwambie mama wa watoto awarudishe ndani watoto wasishikwe na kifua. Nikavuka kumwambia. Aliniambia nimwambie mzee kwamba nyumba ni tupu, na kwamba yeye hatarudi humo mzee akiwa bado mvuani. Nikavuka tena. Nilikwenda na kurudi na maneno yao hadi mvua ikakatika. Kisha baba akanyanyuka, akakamua blanketi, akashuka kuelekea mtoni, na sisi tukaingia ndani kukausha nguo za watoto.